Samli Kwenye Waya wa Mafuta

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu, yenyewe itabaki: siku niliyomimina samli ya mama mkwe kwenye injini ya gari la baba mkwe, nikasifiwa kuwa fundi. Nilikuwa bado sijamwoa mama yako. Kidogo tu nisimwoe kabisa.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinipigia simu kutoka Mbeya, sauti imekukauka, ukasema gari lako la familia limeanza vituko. Ukikanyaga mafuta, pedeli inabaki chini, na injini inanguruma peke yake hata ukiondoa mguu. Hilo halikunishangaza. Lililonishangaza ni lile uliloongeza mwishoni kwa sauti ya chini, kwamba jirani yako mpya, yule mama wa nyumba ya pili, aliligusa boneti siku moja kabla akasema, "Gari zuri hili." Nikanyamaza. Nadhani ulidhani mtandao umekatika. Haukukatika, nilikuwa namkumbuka Shangazi Skola.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, naendesha mashine ya kusaga pale Malangali, mtaa wetu wa Sumbawanga. Ukishajua kufunga mkanda wa mashine na kupaka grisi kwenye beringi unaanza kujiita fundi, na mtaa usio na fundi mwingine unakubali. Babu yako Kasiani, baba yake mama yako, alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi. Mavuno yalimkubali miaka miwili mfululizo, akanunua shangingi lililotumika. Lilikuwa la kwanza mtaani kwetu. Lilioshwa kila Jumamosi kwa ajili ya misa ya Jumapili, na likishaoshwa watoto walikatazwa kukimbia karibu yake wasije wakalirushia vumbi. Macho ya babu yako yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo usukani alinikabidhi mimi, mchumba wa binti yake. Posa ilikuwa imepokelewa, harusi imepangwa baada ya mavuno, na kila nilipokamata usukani ule nilijua nimekalia mtihani.

Bibi yako, yaani mama mkwe, kila tuliposafiri naye alikaa kiti cha nyuma upande wangu, ili mimi na yeye tusitazamane. Ndivyo tulivyolelewa. Mkwe humkazii macho wala humjibu. Ukikutana naye njiani unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unasubiri apite. Nikiwa na la kumwambia nilimwambia mama yako, naye akalifikisha. Siku hizi naona mnapigiana simu na wakwe zenu mkicheka, na sisemi ni vibaya. Ila shika neno hili, kwa sababu ndilo lililonifunga ulimi baadaye, au ndivyo nilivyojidanganya.

Basi ilikuwa mwezi wa sita, babu yako akasema twende Muze kununua mchele wa harusi. Tunawasha gari, akatokea Shangazi Skola, dada yake mkubwa, mjane mwembamba mwenye kikapu na ulimi usio na breki. Amevaa kitenge cha kutokea. Mwanawe alikuwa amehamia Muze, na alikuwa hajamwona tangu masika. Bibi yako alikuwa amesimama getini, akamwambia wifi yake kwamba gari litajaa magunia. Shangazi akavitazama viti vitupu vya nyuma, akatutazama sisi, akasema, "Haya, nendeni. Tutaona hilo gari litawafikisha wapi." Akageuka na kikapu chake.

Gari lilitufikisha Muze. Lakini tulipokuwa tunateremka Lyamba, ule ukingo mkali ambapo uwanda wetu wa Ufipa unakatika ghafla na bonde la Rukwa linaonekana chini, pedeli ya mafuta ilikuwa imeanza kulia kila ninapoigusa, na imekuwa nzito. Babu yako akaniuliza inalia nini. Nikamjibu kwamba ni jambo dogo, nitalimaliza tukifika.

Sikuwa na grisi. Sikuwa na hata bisibisi. Nilikuwa na chupa ya samli. Mama Masanja, mke wa mfugaji aliyehamia kule na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, alikuwa rafiki wa bibi yako, na siku hiyo alinikabidhi chupa nimpelekee. Sasa Muze unalijua joto lake. Samli kule inachuruzika kama maji, unaweza kuimimina kwenye tundu la sindano. Nikaitazama ile chupa, nikaitazama injini, nikajiambia mafuta ni mafuta. Nikafungua boneti. Kuna waya unaotoka kwenye pedeli, unapita ndani ya mrija wake mpaka kwenye injini, na huko unavuta kijisahani kinachoingiza hewa. Ukikanyaga, kinafunguka na injini inapata nguvu. Ukiachia, springi inakirudisha. Nikaumiminia mrija ule samli mpaka ukashiba.

Pedeli ikanyamaza. Ikawa laini kama imepakwa sabuni. Babu yako akaijaribu kwa mkono, akasema mbele ya Mama Masanja na mumewe, "Huyu ndiye mkwe." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa nilirudi na chupa, nikaongeza.

Tulipanda Lyamba salama, injini ina moto, samli ina moto, nami napiga mluzi. Usiku gari likalala nje.

Wewe umezaliwa huku, huhitaji kuambiwa asubuhi ya mwezi wa sita Sumbawanga ilivyo. Samli iliyoachwa jikoni unaikata kwa kisu. Hilo kila mtoto anayetumwa kupaka mkate analijua. Mimi nililijua tangu nikiwa na miaka mitano, ila sikuwahi kufikiria kwamba na gari linalijua.

Asubuhi ikawa Jumapili. Babu yako yuko mbele na kofia yake magotini, bibi yako yuko nyuma na rozari. Nikawasha, nikatia gia ya kwanza, nikakanyaga mafuta kwa madaha ya fundi. Pedeli ikaenda chini ikabaki hukohuko. Injini ikanguruma, gari likaruka. Geti lilikuwa wazi, namshukuru Mungu hadi leo. Tukavuka barabara, tukaingia uani kwa katekista, tukaikata kamba ya nguo, tukaendelea na mashuka mawili na suruali ya katekista juu ya kioo, nikawa siioni njia tena. Miguu yangu ilikuwa imesahau kwamba kuna kitu kinaitwa klachi, na mkono umesahau kwamba kuna funguo. Tulisimamishwa na lundo la mabua ya mahindi aliyowawekea ng'ombe wake. Jogoo mmoja alitoka chini ya mabua yale polepole, akatutazama, akaondoka bila kuwika. Bibi yako alikuwa anasali Salamu Maria kuanzia katikati. Babu yako akavaa kofia, akasema, "Misa imetupita," akashuka.

Mchana jua lilipowaka nikalijaribu gari. Pedeli ikashuka na kupanda kama hakuna lililotokea. Jumatatu asubuhi ikakwama tena. Mchana ikapona. Gari lenye wazimu asubuhi na akili mchana, mwanangu, kwa watu wetu halina maelezo mengi. Wenzetu wa mikoa mingine wakisikia tu umetoka Sumbawanga wanasogeza kiti wakiogopa uchawi, nasi huwa tunacheka na kukana. Lakini lile gari lilipokwama mara ya pili sikumsikia mtu wa nyumba ile akikana. Bibi yako alikumbuka maneno ya Shangazi pale getini. Akayarudia kwa jirani, jirani akayarudia kisimani, na kufikia jioni yalikuwa yameota mkia: eti Shangazi alilizunguka gari mara tatu, eti alikuwa na kitu ndani ya kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na maharage ya mwanawe. Ikakatwa shauri kwamba Jumamosi ukoo ukutane, Shangazi aulizwe, na kwamba harusini asikanyage.

Na mimi? Jumanne alfajiri nilifungua boneti peke yangu, nikauona waya. Samli imeganda mdomoni mwa mrija, nyeupe, imeshika vumbi la barabara ya Muze, springi nayo imevaa koti la mafuta. Nikajua papo hapo. Nilitakiwa kwenda moja kwa moja kwa babu yako nikaseme maneno manne tu. Sikwenda. Nilijiambia samli ni ya mkwe, na kwa mkwe sina ruhusa ya kusema. Huo ulikuwa uongo, maana mama yako alikuwepo na angeifikisha habari kama alivyofikisha nyingine zote. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeitwa fundi mbele za watu, na jina lile lilikuwa tamu.

Badala ya kusema, nikaanza kuficha. Kila alfajiri nilichemsha maji kwenye birika, nikaenda kuumwagia mrija ule, samli ikalainika kwa muda, gari likatoka. Siku ya pili bibi yako aliniona kwa dirisha, nimeinama na birika kwenye ukungu, nanong'ona. Nilikuwa nailaani baridi. Yeye akaamini napiga dawa. Kufikia Alhamisi habari ilikuwa imeenea kwamba mchumba wa Yustina, mama yako, mpole vile, ana mkono wa kuzindua magari. Mtu mmoja akaniletea pikipiki. Mwingine akaniletea mbuzi asiyekula. Niliwaambia sina dawa, wakasema waganga wa kweli ndivyo wanavyosema. Injini nayo ilipopata moto ilitoa harufu ya chapati, na kila tulikopita watu waliuliza leo kuna sherehe kwa nani. Nyani haoni kundule, mwanangu, na mimi langu lilikuwa linanukia mtaa mzima.

Jumamosi ikafika. Babu yako ni mtu wa haki, akasema, "Kabla hatujamuuliza dada yangu tumuite fundi, isije ikasemwa hatukupitia hospitali." Akaja Mzee Ozwardi, fundi wa matrekta, mtu wa maneno machache. Alifika mapema kuliko birika langu, injini ikiwa baridi. Wakati huohuo wazee wawili wa ukoo wameshakaa kwenye benchi, bibi yako kwenye mkeka, na Shangazi Skola ameletwa, amekaa kwenye kigoda peke yake, kitenge chake kilekile.

Mzee Ozwardi akauliza swali moja tu kabla ya kushika chochote. "Nani amegusa humu ndani, na aligusa nini?"

Mimi niliwatazama kuku.

Akaanza kazi. Kwanza akaondoa kapeti iliyo chini ya pedeli, akaikung'uta, akaiweka kando. Nusu ya majini ya magari anayoyajua yeye, alisema, ni makapeti yaliyojikunja. Akasukuma pedeli kwa mkono injini ikiwa imezimwa, ikashuka ikabaki. Akaja mbele, akauchomoa waya kwenye kijimkono kinachogeuza kile kijisahani, akakisukuma kijimkono kwa kidole. Kikarudi chenyewe, kwa uzito kidogo, lakini kikarudi. Akauvuta waya, haukutaka kuja. Basi ugonjwa uko kwenye waya, siyo kwenye injini wala kwenye pedeli. Akainama, akanusa. Halafu akainuka, akanitazama mimi usoni, akaanza kufuta mikono kwa tambara taratibu sana, kidole kimoja baada ya kingine.

Huku kwenye benchi mzee mmoja akawa anamuuliza Shangazi alikuwa na maana gani siku ile getini. Nilidhani atawaka, maana ulimi wake tuliujua. Hakuwaka. Alikuwa anakunja pindo la kitenge na kulikunjua. Akasema, "Nilikuwa na hasira. Nilitaka kumwona mwanangu, viti vilikuwepo, nikanyimwa. Ndugu zangu, siku hizi hasira ya mwanamke mzee ni uchawi?"

Mwanangu, nimewahi kuogopa mara nyingi maishani, lakini sijawahi kujionea aibu kama dakika ile. Bibi kizee wa watu alikuwa anakaribia kuitwa mchawi mbele ya nduguze, na mchawi mwenyewe nimesimama hapo na birika.

Nikaenda mbele ya mama mkwe. Nikachuchumaa, nikapiga makofi, nikatazama chini kama inavyotakiwa, halafu nikavunja mwiko nikamsemesha. "Mama, Shangazi hana kosa. Samli yako niliimimina mimi kwenye gari kule Muze. Asubuhi inaganda, mchana inayeyuka. Nimejua tangu Jumanne."

Bibi yako aliinuka, akaingia ndani, akarudi na ile chupa, akaiinua juani watu wote waione ilivyopungua. "Na mimi nilikuwa namdhania Mama Masanja kanipunja," akasema. Kumbe alikuwa ameshakata urafiki moyoni. Nikaona jinsi ukimya wangu ulivyokuwa umeshapitia nyumba mbili ndani ya wiki moja.

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Shangazi. Alicheka mpaka akashika mbavu, wazee wakamfuata, na babu yako akaficha uso ndani ya kofia. Nikadhani yameisha. Ndipo Shangazi akaniita karibu, machozi ya kicheko bado yako mashavuni, akaniambia kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia. "Kijana, ulikuwa tayari kuniona mimi nimefukuzwa kwetu, ili wewe uitwe fundi?"

Mzee Ozwardi alinifundisha kazi siku ileile, na adhabu yangu ilikuwa kuifanya mwenyewe. Tulitoa waya mzima, tukautundika kwenye mti kama nyoka aliyeuawa, tukaupitishia petroli mpaka ikatoka safi. Nikaupapasa wote kwa vidole kutafuta nyuzi zilizokatika, maana uzi mmoja tu ukichomoza unashika ndani na pedeli hairudi. Springi nikaiosha. Kile kijisahani cha hewa kilikuwa na masizi ya miaka, nikakisugua kwa mswaki na petroli mpaka kikang'aa, uzito wake ukaisha. Kisha matone machache ya mafuta mepesi ya cherehani, basi. Tulipourudisha akauacha ulegee kidogo sana, kwa sababu waya uliokazwa mno nao hauachii. Kazi ile ilichukua asubuhi moja. Alipokuwa anafunga boneti akaniambia, "Nilinusa mapema. Nikakupa dakika tano useme mwenyewe. Umetumia nne na nusu."

Harusi ilifungwa. Shangazi Skola alikaa kiti cha mbele kwenda kanisani, bibi yako nyuma, na hakuna aliyebisha. Mwenyewe alijipangia fidia: kila mwezi nimpeleke Muze kwa mwanawe. Nilimpeleka mpaka miguu yake ilipokataa kupanda gari. Na kila safari, kabla sijawasha, alifunga kitenge vizuri, akanigeukia na kuuliza, "Leo umegusa nini?" Miaka yote hiyo hakuchoka kuuliza, na mimi nilijifunza kuwa na jibu.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii, uisikie. Kitu chako kikiharibika, anza na mkono wako mwenyewe. Jiulize uligusa nini, uliongeza nini, ulibadilisha nini, kabla hujainua macho kuelekea nyumba ya jirani, kwa sababu kikulacho ki nguoni mwako. Ukilipata kosa, liseme likiwa bado dogo. Mficha uchi hazai, na mbaya zaidi, anayeficha lake hulivisha mtu mwingine, mara nyingi mtu asiye na wa kumtetea. Kuitwa mjinga kunauma siku moja. Shangazi angeondoka na jina lile mpaka kaburini.

Na pedeli ikikukwama barabarani, usishindane nayo. Toa gia iwe nyutro, kanyaga breki mpaka mwisho na usiiachie, shika usukani, na uzime injini ukishasimama. Niahidi hutaliendesha tena kabla halijakaguliwa. Gari lako la kisasa huenda halina waya kabisa, lina kompyuta, na kijisahani chake kinashika masizi vilevile. Hiyo ni kazi ya fundi, na ukifika kwake mwambie kila kitu, hata kile cha aibu.

Lakini kabla ya fundi. Katika ile simu, katikati ya habari za jirani, ulitaja kwa kupita tu kwamba mwezi huu ulinunua makapeti mapya, mazito, ya plastiki, ukayaweka juu ya yale ya zamani. Ulilitaja kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mimi ndilo nililolisikia.

Mungu akulinde mwanangu, wewe na mkeo na wajukuu zangu mnaopanda gari hilo. Akupe mguu mwepesi, macho yanayoanza kutazama chini yake, na ulimi usioganda asubuhi ya baridi. Akujalie majirani wema, na akujalie kuwaona wema wao. Kesho mwamkie yule mama, umshukuru kwa kulisifu gari lako. Ila leo, nenda kainue kapeti. Halafu nipigie, uniambie uligusa nini.